Simbilisi Mgeni

Juzi, sokoni Nyamisangura, niliona simbilisi, wale wanyama wadogo wa manyoya wasio na mkia, wamelala wamebanana kwenye boksi, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni kwa bibi, kijijini Machochwe. Mama alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya dhahabu kuwapikia wachimbaji, akaniachia simbilisi mmoja wa kunichangamsha. Bibi akamtia kwenye banda la simbilisi wake. Wakamnusa, wakamkimbiza huku wakinguruma na kugonganisha meno.

Nikalia, "Bibi, watamuua!"

"Waache, mjukuu wangu. Wanaulizana mkubwa nani."

Sasa najua ndivyo wanavyozoeana, ila siku ile sikuamini. Nilichuchumaa palepale kwenye harufu ya majani mabichi na mkojo. Jua lilipopungua, mgeni wangu alikuwa akila katikati yao, akipiga miluzi midogo ambayo hakuwahi kunipigia mimi. Nilimwita, hakugeuka. Nikaenda jikoni kumwuliza bibi kama huko machimboni mama naye amepata wenzake.