Magauni ya Bhoke Pembeni ya Mahindi

Mwanangu, iko jioni moja ya kijijini Robanda ambayo mpaka leo nikiikumbuka huwa naacha kula.

Nilikuwa kijana, nimemaliza sekondari, najiona najua biashara. Mke wangu Bhoke alishona magauni mazuri kuliko fundi yeyote niliyemjua, na kila gauni alilitia lebo yenye jina lake. Alitaka tupange fremu mjini Mugumu, kwenye safu ya maduka ya vitambaa. Nikakataa. Nilitaka pembeni ya kijiji chetu cha Robanda, barabarani, ambako magari ya watalii hupita kwenda hifadhini.

"Baba Mwita, pale kuna mahindi tu."

"Basi tutawavalisha mahindi," nikamjibu, nikacheka peke yangu.

Nikajenga banda la mabati, nikasimamisha nje midoli ya kimo cha mtu iliyovaa magauni yake. Nyuma lilikuwa shamba la Mzee Marwa, lenye sanamu za miti alizozivisha matambara zitishie nyani. Upepo ukivuma, matambara na magauni yalipepea pamoja, na kwa mbali hukujua sanamu zinaishia wapi na midoli inaanzia wapi. Magari yalipunguza mwendo, watu wakachungulia, kisha yakaondoka. Watoto wa shule walianza kupita njia nyingine.

Mzee Marwa ndiye aliyefurahi. "Kijana, tangu uje nyani hawashuki. Usihame!"

Mteja wetu mmoja, binti aliyepika kwenye kambi ya watalii, alinunua gauni la njano. Jioni ile niliyokutajia nilikuwa nafunga duka, giza limeanza kuingia. Nikaona umbo la njano limesimama kimya, limeelekea mahindini. Nikadhani ni mdoli nimeusahau nje. Nikaenda kuubeba, nikaushika mkono.

Ulikuwa wa moto.

Binti aligeuka, akapiga kelele. Nami nikapiga kelele. Alikuwa anasubiri pikipiki tu, maskini.

Kesho yake alirudisha gauni. "Dada Bhoke, umeshona vizuri sana. Ila nikilivaa nahisi nimesimikwa shambani."

Tukahamia Mugumu, lakini jina lilikuwa limetutangulia. Wateja walishika gauni, wakasoma lebo, wakatazamana. "Si yale ya kutishia nyani?" Siku moja Bhoke alichukua wembe, akafumua lebo zote. Mpaka leo anashona bila jina. Na kule Robanda, mtu akisimika sanamu shambani, husema amemsimika Bhoke.

Mwanangu, watu hawaitazami nguo peke yake. Huitazama pamoja na kilichoizunguka. Kabla hujalipia fremu, vuka barabara, simama kama mpita njia, uone kilichoko nyuma ya bidhaa yako. Tena urudi jioni. Na kama jina la biashara ni la mwenzako, mwache yeye achague litakapokaa. Mimi sikumwachia.

Mungu akuonyeshe pa kusimama, na jina lako litajwe kwa furaha hata pale usipokuwepo.