Kura ya Mgonjwa

Wiki iliyopita nilikwenda hospitali ya Bwera kumtazama jirani yangu aliyelazwa. Kwenye kitanda cha pili alilala bibi mmoja wa Karambi, mgonjwa wa moyo aliyekatazwa chumvi, akiuguzwa na wanawe wawili. Redio ya wodini ikasema kuna nchi inajadili sheria ya kumruhusu daktari amsaidie kufa mgonjwa asiye na tumaini la kupona.

"Kwetu ataamua mutoto wa kwanza," alisema mwanawe wa kiume, akijigusa kifua.

"Hapana. Ni Mungu peke yake," dada yake akamjibu, rozari mkononi.

Muuguzi akasema hayo ni mambo ya wabunge. Wakabishana juu ya kichwa cha mama yao mpaka akainua kidole.

"Na mimi mugonjwa, niko na kura?"

Mwanawe akamwinamia. "Sema, mama. Unataka nini?"

"Nataka chumvi kwa sombe," akasema, akionyesha bakuli lake la majani ya muhogo.

"Hapana," wakajibu wote watatu kwa pamoja.

Bibi akageukia ukuta, akacheka mpaka kitanda kikatikisika. Nami nawaomba wabunge wetu, hiyo sheria ya kifo ikifika kwetu, wasiiharakishe. Bado hatujajua kumuuliza mgonjwa habari za mboga.