Mizani Ndani ya Lifti

Kanyiva anakaa orofa ya saba, mtaani Pipeline, katika jumba ambalo aliyelijenga alikumbuka kila kitu isipokuwa lifti. Maji hupandishwa kwa mgongo. Kwa miaka mingi alipanda na mitungi yake akimlaani fundi asiyemjua, hadi siku moja akachoka kulaani, akaamua kuwa fundi wa lifti yeye mwenyewe. Majirani walishika mbavu kwa kicheko, Mama Shirleen wa orofa ya tano akiwashinda wote. Chuo cha ufundi nacho kilimwambia karibu, ila kwanza apite mtihani wa hesabu za nguvu na mwendo.

Aliufanya, akaanguka. Akianguka tena basi, maana chuo hakimpi mtu nafasi ya tatu.

Kilichomwangusha ni swali moja. Mtu amesimama juu ya mizani ndani ya lifti. Lifti ikianza kupanda, mizani itaonyesha nini? Kanyiva aliandika: itapungua. Mwalimu Bedan, anayemfunza jioni, almanusura ameze chaki.

"Itaongezeka, Mama Mutunga!"

"Mwalimu, mimi napanda ngazi kila siku. Mtu akipanda anatoa jasho, anakonda."

"Kwa lifti hutoi jasho!"

"Basi itabaki pale pale. Mwili wangu naujua mimi."

Huyo ndiye Kanyiva. Hesabu zenyewe anaziweza, tena haraka, lakini jibu asiloliamini haliandiki hata umchape. Mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi, na Idi yake ilikuwa Jumatatu, siku ya mtihani.

Jumamosi akamwendea mumewe Kiilu, ambaye hupima watu uzito kando ya barabara kule Kariokor.

"Baba Mutunga, niazime mizani."

Kiilu amekaa na mke huyu muda mrefu, anajua wapi pa kubishana. Akampa. Kanyiva akaikumbatia mpaka mjini, kwenye jengo refu la ofisi.

"Sasa madam, hiyo mizani ni ya nini?" mlinzi akauliza.

"Ya kupima lifti."

Mlinzi akadhani ametumwa na serikali, akampigia saluti.

Ndani ya lifti Kanyiva akaiweka mizani sakafuni, akaikanyaga, akabonyeza kitufe cha juu kabisa. Mshale ukaruka mbele, kisha ukarudi mahali pake. Hakuamini. Akashuka, akapanda tena, akashuka. Ndipo akaingia Njoki, karani wa wakili, mwanamke aliyejaa vizuri, faili kwapani.

"Dada, hebu nipime pia."

Lifti iliponyanyuka Njoki akaangalia chini, akapiga ukelele. "Wewe! Mizani yako ni ya uongo! Asubuhi sikuwa hivi!"

"Uzito wako ni ule ule, dada. Ni sakafu. Ndiyo ikuinue, lazima ikusukume kuliko vile dunia inakuvuta, na mizani inasoma vile unasukumwa..."

Kanyiva akautazama tena mshale. Alikuwa amejisikia mwenyewe, na kwa mara ya kwanza aliamini.

Lifti ilipoanza kushuka, mshale ukarudi nyuma, na Njoki akafurahi kama bibi harusi. Akakataa kutoka. "Tupande tena, dada, ndiyo tushuke tena." Faili za wakili zilichelewa siku hiyo.

Jumatatu swali likaja limegeuzwa: lifti inaanza kushuka. Kanyiva akamkumbuka Njoki, akacheka peke yake hadi msimamizi akamkodolea macho. Kisha akaandika.

Ujumbe wa chuo ulimkuta orofa ya nne, mtungi mgongoni. Aliusoma, akautua mtungi, akaketi kwenye ngazi akalia kwa furaha bila kujificha. Mama Shirleen, aliyekuwa akishuka polepole huku ameshika ukuta, akashtuka.

"Kuna msiba?"

"Nimechukuliwa chuo. Cha lifti."

Mama Shirleen akaitazama ngazi, akautazama mtungi. Safari hii hakucheka.

"Basi soma haraka, mama. Magoti yangu yameisha."

Kanyiva akafuta machozi, akajitwika mtungi, akapanda orofa tatu zilizobaki.