Dakika Moja ya Jumapili

Kompyuta ile ilitoka kwa ndugu yangu aliye majuu. Aliituma na mtu aliyekuwa anarudi nyumbani, imeshatumika huko ikachakaa, ili mama awe anamwona kila Jumapili baada ya kanisa. Ndugu yangu alipewa jina la babu mzaa mama, kwa hivyo mama humwita baba, na hapa kwetu Kiganjo hakubaki jirani ambaye hakuambiwa kwamba baba sasa ataonekana mezani kwetu.

Alionekana, ila kwa dakika moja. Kila nilipochomeka modemu na uso wake ukafunguka, kisanduku kilijitokeza katikati ya skrini, juu ya paji la uso wake, kikisema mashine itajizima baada ya sekunde sitini, na sekunde zikaanza kupungua. Mama alijifunza kuharakisha. Alimuuliza kama amekula, kama kuna baridi, kama anaenda kanisa, akambariki, halafu giza. Baadaye alikaa pale na nguo zake za kanisa, akisema kama si hii mashine wangeongea mpaka jioni. Nilimwamini, na hasira yangu yote nikaimwagia kompyuta.

Nilipompigia ndugu yangu simu kumweleza, alicheka, akaniambia nisijisumbue na chuma kizee. Lakini mimi ndiye nilikuwa naishi na mama. Kwetu mtoto aliye mbali ndiye mtamu. Aliye karibu huulizwa kwa nini chumvi imezidi. Nikajisumbua. Fundi wa saiba moja, duka la mtandao kule Ruiru, karibu na kiwanda nilikokuwa nashona nguo, alinieleza kwamba huo ni mnyoo, aina ya kirusi ambacho hakingoji mtu akifungue. Ukiunganisha mtandao tu, kinajipenyeza chenyewe. Alinichomea CD yenye programu ya kuusaka na kiraka cha kuziba tundu ulikoingilia, akanionya nisiguse mtandao kabla sijamaliza.

Jumamosi hiyo wenzangu wa kazini walikuwa harusini wakicheza. Mimi nilikuwa sebuleni nasaka mdudu. Programu ilipekua faili moja baada ya nyingine, polepole mpaka nikataka kulia, ikaupata mnyoo, ikaufuta. Nikaweka kiraka, nikaizima kompyuta, nikaiwasha, nikachomeka modemu na kungoja kile kisanduku nikiwa nimeuma meno. Hakikuja. Nilijisikia mtu wa maana, sitaficha, na nilitaka mama aniambie asante.

Kesho yake mama alijaza chai kwenye thamosi, kwa sababu maongezi yangekuwa marefu. Ndugu yangu akatokea, uso mzima, bila kisanduku. Akaulizwa kama amekula, kama kuna baridi, kama anaenda kanisa. Akabarikiwa. Kisha mama akaanza kumpa habari za shangazi aliyelazwa hospitalini, na nikamwona ndugu yangu akiangalia pembeni. Akaangalia tena. Akasema kuna kazi inamngoja. Mama akamwambia kwa furaha kwamba kompyuta imepona, hakuna haraka tena.

"Sawa maitu, tutaongea wiki ijayo," akamwambia mama, na akakata mwenyewe.

Mama alimimina chai akaninyooshea kikombe. Hiyo ndiyo ilikuwa asante yangu. Nilikunywa nikimlaani ndugu yangu kimoyomoyo, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, maana sasa nilikuwa nimeelewa alichokuwa akicheka kwenye simu. Mnyoo ulikuwa umemfanyia kazi yake, na mimi mjinga nikaenda mpaka kwa fundi kuutafutia dawa.

Jumapili iliyofuata mambo yalikuwa hayo hayo, mafupi zaidi. Iliyokuja baada ya hiyo, kompyuta iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikaita, ikakatika. Mashine ilibaki inawaka, nzima kabisa, na mama ameketi mbele yake. Nilimwambia pengine mtandao wa huko ni mbaya leo. Hakunigeukia. Nilipodhani ameshalikubali hilo la mtandao, akanena taratibu, akiwa bado anaitazama skrini.

"Si ungeiacha tu na hiyo ugonjwa yake," akaniambia. "Ikizima, nilikuwa najua ni kompyuta."