Mzigo wa Baba

Nafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Tunduma, na jioni nikitoka huwa sitaki kusikia sauti ya mtu. Siku nzima ni honi za malori na madereva waliochoshwa na foleni, wakidhani foleni nimeipanga mimi. Nyumbani ananisubiri baba. Naye alikuwa dereva wa masafa marefu, na tangu apate kiharusi safari yake ni kutoka kitandani hadi barazani.

Kufa hakukumtisha. Kilichomtisha ni kusahau. Siku moja jina la dada yangu lilimtoka, akalikumbuka kabla chai haijapoa, lakini tangu hapo akawa anajichunguza. "Mama," aliniambia, maana nimerithi jina la mama yake, "mkono ukifa nitabebea huu mwingine. Kichwa je?"

Nikamtengenezea safari. Nilijifunza mtandaoni lugha ya kuandikia hadithi za kuchagua, zile ambazo msomaji anabonyeza njia anayoitaka na hadithi inamfuata. Baba angepakia Dar, apande mlima wa Kitonga, alale Makambako, kisha afike mpakani avuke kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Ili asiizoee mapema, niliiamuru kompyuta imbahatishie mzigo: saruji, nondo, mbolea au mitumba.

Mara ya kwanza alipakia saruji. Alipanda Kitonga amekunja uso kabisa, anasikiliza injini ambayo haipo. Kwenye foleni ya Tunduma niliandika kama madereva wanavyoitana wenyewe, maana pale hawaulizani majina, mtu anaitwa kwa alichobeba. Hadithi ikamwambia: "Mbolea, sogea mbele."

Baba akaacha kubonyeza. "Mimi ni Saruji," akasema taratibu. Kisha akanigeukia. "Au nilipakia mbolea?"

Sikuwa na hakika, nilikuwa nasinzia kwenye kiti. Nikamwambia aanze upya. Akapakia nondo, akaitwa Mitumba. Akaisukuma kompyuta kando, akaenda kulala kabla jua halijazama, na ugali wake hakuugusa.

Nilikasirika, kwanza na kompyuta, halafu na mimi mwenyewe. Kosa lilikuwa la kijinga. Kwenye kila ukurasa wenye neno la mzigo nilikuwa nimeandika amri ileile ya kubahatisha, hivyo kompyuta ikifika pale inachagua upya, haikumbuki ilichosema nyuma wala haioni aibu. Ilitakiwa ichague mara moja tu, pale pa kupakia, neno liwekwe kwenye kisanduku cha kumbukumbu chenye jina, na kurasa zote za mbele zisome humo. Nikarekebisha.

Kesho yake nilimwambia, "Hadithi ndiyo iliyosahau, baba. Si wewe."

Alicheka kama mtu aliyerudishiwa leseni. "Nilijua. Mimi sijawahi kupoteza mzigo."

Safari hii akapakia mitumba. Foleni ikamwita Mitumba, akaitikia kwa sauti, na mimi nikapumua. Akafika kwa ofisa wa Nakonde, ambaye nilimpa salamu ya Kibemba: "Mulishani, mzee. Umebeba nini?"

"Bwino," baba akamjibu kwa mdomo. Chini ya swali yalimsubiri majina yote manne. Akayatazama kwa muda, akabonyeza saruji.

Hadithi ikamjibu kwamba mzigo haulingani, arudi nyuma.

Nilifungua kisanduku nikaangalia. Kilikuwa na mitumba, tangu Dar mpaka mpakani. Nilipoinua uso baba alikuwa ananitazama, mkono wake mzima umeshika ukingo wa meza.

"Imekosea tena?"

"Imekosea tena, baba."

Akashusha pumzi. "Mashine hizi. Basi irekebishe, mama, kuna watu nyuma yangu wanasubiri."

Nikaivuta kompyuta upande wangu. Nilikuwa hoi kiasi kwamba hata machozi yaliona uvivu kutoka. Kwenye ukurasa wa ofisa nikaongeza mstari mmoja: jibu lolote atakalotoa dereva, hilo ndilo liwekwe kwenye kisanduku, lifute lililokuwemo. Nikamrudishia.

Akabonyeza saruji. Geti likafunguka, baba akavuka.