Mwisho Uliobaki Kwenye Mkanda wa Harusi

Shemeji yangu ameniua mara kumi. Aliniua kwa moto, kwa umeme, kwa sumu ya panya, na safari moja aliniua kwa mlango wa friji, nikiwa nimeviringishwa karatasi za kung'aa za kufungia chakula kuanzia kisigino mpaka utosini. Nasema hivi kwa fahari, maana mtaani kwetu wanaomjua aliyetengeneza sinema zile wamebaki wachache, na mimi nimechoka kusikia mtu mwenye kipaji kama kile akiitwa mpiga video za harusi tu.

Ni kweli, harusi alipiga. Mume wa dada yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Mkanda, alishika kamera enzi zile kamera ilipokuwa nzito kama mtoto wa miaka miwili aliyelala, na hakuna mama wa bibi harusi aliyedondosha chozi bila yeye kulinasa. Lakini harusi ilikuwa kazi ya kulisha nyumba. Kazi ya moyo ilikuwa nyingine. Mkanda ulichukua saa tatu, harusi iliisha kwa saa mbili na nusu, na ile nusu saa iliyobaki mwishoni aliifanya mali yake. Kabla ya kumpelekea mteja mkanda wake, alipiga kipande cha sinema kwenye ile nafasi, akakinakili kwenye mkanda wake mwenyewe kwa deki mbili zilizounganishwa kwa waya, halafu akakifuta pale kwenye mkanda wa mteja kwa kurekodi giza tupu juu yake. Mteja alipata harusi yake safi, na sisi tukapata dakika zetu za jini.

"Si jini," alikuwa akinisahihisha kila mara. "Ni kiumbe. Ametoka nyota nyingine."

Kwa mtindo huo wa nusu saa kwa nusu saa, alitengeneza sinema kumi na moja kwa miaka tisa. Studio ilikuwa sebule ya dada. Usiku wake wote aliupiga saa sita mchana, blanketi mbili madirishani, taa ya meza sakafuni, na mbele ya lenzi jalada la plastiki ya buluu alilovua kwenye daftari langu la shule bila kuniomba. Chombo chake cha angani kilikuwa vifuniko viwili vya sufuria vinavyoning'inia kwa uzi wa kushonea. Sauti ya upepo wa sayari alikuwa dada yangu akipepeta mchele nyuma ya pazia.

"Mchele wangu umeshafika mwezini," dada alikuwa akilalamika, "na sisi huku duniani hatujala."

Mcheke mkitaka, lakini mimi nilikuwapo. Nilimwona akihamisha taa ile saa nzima, kidole kwa kidole, mpaka kivuli cha mkono wangu kikapanda ukutani polepole na kufika kwenye picha ya mkwe wake. Kivuli kile kilimfanya mwuza mkaa, mtu mwenye mabega ya kubeba magunia mawili, atoke nje ya ukumbi wa video akisingizia kwenda haja na asirudi. Siku hizi naona kwenye televisheni sinema zenye kila aina ya mitambo, na sijapata kuogopa kama nilivyoogopa kivuli cha mkono wangu mwenyewe. Gazeti halikumwandika hata siku moja. Majirani walisema mtu mzima anacheza na makaratasi.

Sinema ya kumi na moja iliitwa Mgeni wa Tangi. Kiumbe anaanguka kutoka angani, anatumbukia kwenye tangi la maji juu ya paa, na kila anayekunywa maji ya nyumba ile anaanza kusikia mawazo ya wenzake. Wanamsaka kiumbe wamwue, naye anatafuta njia ya kurudi kwao. Mpaka leo naona ni hadithi nzuri kuliko zote alizobuni. Tulipiga miezi saba. Ikabaki sehemu ya mwisho tu, na hapo ndipo nilipopandisha hasira.

"Nakufaje safari hii?" nilimwuliza.

"Bado sijajua. Labda wakuchome."

"Moto ulishanichoma kwenye ya pili na ya sita! Mimi kazi yangu ni kufa tu? Tafuta maiti mwingine."

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na ulimi wangu ulikuwa mkali kuliko sasa, ingawa wanafunzi wangu wa hesabu hawataamini. Nilivua zile karatasi za kung'aa za kiumbe, nikamrushia, nikatoka bila hata sweta langu. Jumapili alinitumia ujumbe niende, taa iko tayari. Nilinuna, sikwenda.

Jumatatu roho ikanisuta. Nilipita asubuhi, nikamkuta dada peke yake, na juu ya meza mkanda wenye maandishi ya Bwana Mkanda: Keki Iliyoanguka. Hakuwahi kuandika majina ya wateja. Kila harusi aliipa jina la mkosi wake: Mvua, Bwana Harusi Kachelewa, Keki Iliyoanguka. Dada akasema mwenye mkanda ameshauliza mara mbili. Nami, badala ya kufungua mdomo niombe radhi kama watu, nikaona nitaomba kwa miguu. Niliubeba mkanda ule mpaka upande wa pili wa mji, nyumba yenye geti la kijani nyuma ya karakana ya mbao, nikaukabidhi kwa mama mmoja aliyenishukuru sana.

Bwana Mkanda alirudi adhuhuri na deki kwapani. Moja ilikuwa imeharibika na alikuwa kwa fundi. Alitazama meza.

"Mkanda uko wapi?"

"Nimeupeleka," nikasema, nikitabasamu kama mtoto aliyefua bila kutumwa.

Alikaa sakafuni, deki mapajani. Mwisho wa sinema ulikuwa mule, haujanakiliwa wala haujafutwa. Alikuwa ameupiga mwenyewe, peke yake, kamera juu ya kigoda, dada akiwa sokoni.

"Twende tukauchukue," nikasema.

"Tukagonge hodi tuseme nini? Samahani mama, kwenye harusi ya binti yako kuna kiumbe?" Akafuta uso kwa kiganja. "Wakijua, sipati harusi nyingine mji huu. Tuombe tu wasiutazame mpaka mwisho."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Wala hakuupiga upya. Nilimwambia nitakufa vyovyote atakavyo, akasema ule mwisho haurudiwi. Mwaka ule nikapangiwa kufundisha mbali, na sinema ya kumi na mbili haikuwapo.

Mgeni wa Tangi ilionyeshwa hivyo hivyo, bila kipande cha mwisho. Picha ilipokatika, Bwana Mkanda alisimama nyuma ya ukumbi wa video na kuimalizia kwa mdomo. Alikuwa na sauti nzito, na alijua kunyamaza mahali pa kunyamaza. Watu walilipia mara ya pili na ya tatu, maana kila siku alimwua kiumbe kwa namna nyingine. Mimi nilimwuliza mara nyingi mwisho wenyewe ni upi.

"Haumo kwenye maneno," alijibu. "Huo ni wa kuona."

Nikajua ananikwepa. Nilibeba lile kosa miaka ishirini na sita.

Mwaka huu akatokea mkutubi wa maktaba ya mtaa, mwanamke mwenye miwani na maswali. Aliukuta mkanda wa mojawapo ya sinema zile kwa mwenye ukumbi wa video wa zamani, akautazama mara nne mfululizo, akaja kwa dada kuuliza mtu huyu yuko hai? Wiki mbili alikaa kwenye kiti chao kibovu akiandika jinsi vifuniko vya sufuria vilivyoruka. Bwana Mkanda alimjibu kwa aibu ya mtu asiyezoea kuulizwa. Wakapanga siku: Jumamosi, saa kumi, ukumbi wa maktaba, Mgeni wa Tangi, na mwenyewe atasimama amalizie.

Ndipo koo lake, lililokuwa likikwaruza tangu mwaka jana, likapelekwa hospitali. Daktari alikuta uvimbe mbaya. Alisema utatoka na maisha yatabaki, ila sauti itakwenda nao. Upasuaji ungefanywa wiki mbili kabla ya ile Jumamosi.

Mkutubi alikuja wodini mbio na kinasa sauti. "Baba, tusimulie mwisho sasa hivi. Mara moja tu, tuuhifadhi."

Bwana Mkanda alimrudishia kile kifaa kwa upole. "Nitakudanganya, mwanangu," akasema kwa sauti iliyobaki nusu. "Nimewadanganya wote. Wa kweli uko kwenye Keki Iliyoanguka."

"Basi nitaufuata," nikasema.

"Shemeji, usithubutu. Watatushitaki."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwa sauti yake, na mimi sijapata kumtii mtu huyu hata siku moja. Alipoingizwa chumba cha upasuaji nilimwacha dada kwenye benchi na rozari yake, maana ningekaa ningelia na yeye angenifuata. Nilikwenda upande wa pili wa mji. Karakana ya mbao imekuwa duka la simu. Geti lilikuwa limepakwa rangi ya kijivu, lakini palipobanduka kijani kilichungulia. Nilipiga moyo konde, nikabisha.

Alifungua mwanamke wa umri wangu. Nilianza kueleza kwa kuzunguka, samahani dada, harusi, zamani kidogo, kulikuwa na keki...

"Keki yangu!" akasema. "Iliangukia viatu vya padri."

"Sasa ule mkanda, mwishoni kabisa, kwa bahati mbaya..."

Akanishika mkono. "Wewe ndiye wa video? Ingia! Ingia ndani! Jamani, njooni, amekuja mtu wa mgeni!"

Walijaa sebuleni, watoto wake watatu watu wazima, na wajukuu wawili. Kumbe mume alimwacha miaka mingi iliyopita. Siku aliyoondoka, bibi harusi aliutoa mkanda autupe jalalani, na watoto wakaushikilia wakilia. Na mgeni je, mama? Unamtupa na mgeni?

"Harusi yenyewe hatuitazami," akaniambia. "Tunaisogeza mbele upesi mpaka pale. Kila mwaka, siku watoto wakifunga shule. Niliiweka kwenye diski, na juzi huyu kaiweka kwenye simu."

Mtoto wake wa kwanza akaniuliza, kwa heshima kabisa, "Shangazi, mwanzo wake ni upi? Sisi tunaona aliitwa harusini, akachelewa, akakuta chakula kimekwisha."

Mdogo wake akapinga, alikuwa kaka wa bwana harusi aliyepotea. Wakaanza kubishana pale pale, na ilionekana ni ubishi mkongwe wa nyumba ile. Nilikaa nimeshika tama. Kwetu shemeji yangu alikuwa akibuni miisho kwa ajili ya watu waliokosa mwisho, na huku, muda wote huo, kulikuwa na nyumba inabuni mianzo. Mtu tuliyemdhania kasahauliwa alikuwa na watazamaji wasiokosa hata mwaka mmoja, na hakujua.

Walitaka kuniwekea nitazame. Nilikataa. Nikasema nitautazama na mwenyewe, nikaomba nakala tu nimpelekee mkutubi.

Jumamosi saa kumi maktaba ilijaa. Mkutubi alifunga mapazia na kuziba mianya kwa blanketi, kama alivyofundishwa. Mwuza mkaa alikuwapo, mabega yameshuka, amekaa karibu na mlango. Bibi harusi alikuja na ukoo wake na kukalia safu nzima. Bwana Mkanda alikaa kati yangu na dada, skafu shingoni, daftari dogo mapajani.

Sinema ikaenda. Safu ya bibi harusi ilipokea mwanzo kwa midomo wazi, na nikamsikia mmoja akinong'ona, "Kumbe tangi!" Picha ilipofika pale inapokatikia siku zote, wazee wa ukumbi wa video wakageuza shingo nyuma, na Bwana Mkanda, kwa mazoea, akasimama. Alifungua mdomo. Akakumbuka. Kabla hajakaa, picha ikaendelea.

Sebule ya dada yangu, buluu. Kiumbe anaingia, na karatasi zinamfikia magotini tu, suruali ya Bwana Mkanda na kandambili zake zinaonekana. Ukumbi ukacheka, yeye akacheka bila sauti. Kiumbe anatazama mlangoni, hakuna anayemfukuza. Anakaa mezani. Anamimina maji kwenye bilauri mbili. Moja anaishika. Ya pili anaisukuma polepole mpaka upande wa pili wa meza, mbele ya kiti kitupu, na mgongoni mwa kiti kile kumening'inia sweta jekundu. Anangoja. Anangoja muda mrefu, hanywi, mpaka mkanda unaisha.

Sweta lile lilikuwa langu. Hakuniua. Alinitengea nafasi, akaniomba radhi kwa njia pekee aliyoijua, na mimi nikaibeba ile radhi kwa mikono yangu nikaigawa upande wa pili wa mji.

Watu walikuwa wakipiga makofi na safu ya bibi harusi imesimama yote. Bwana Mkanda hakuwatazama. Aliandika kwenye daftari, akanisogezea gizani, na ikabidi niliinamishe kwenye mwanga wa kioo ili nisome.

"Ulikuwa umenuna." Na chini yake, kwa herufi ndogo: "Halafu zile karatasi zinawasha. Uliwezaje miaka tisa?"

Nilicheka huku nalia mbele za watu, mwalimu mzima wa hesabu, mpaka mkutubi akawasha taa.