Mafuta kwenye Gauni la Kipaimara

Mimi naamini shetani yupo. Naanza na hilo ili msomaji asidhani kusoma kumeniotesha pembe. Nilimkataa mbele ya madhabahu, kwa sauti, na jibu langu sijalibadilisha. Nisichokubali ni kwamba anakaa kwenye nguo.

Mwaka wa kipaimara changu mitumba ilikuwa imejaa kila gulio la Lushoto. Baada ya miaka ya maduka matupu, ghafla tulikuwa watu wa kuchagua. Mama alishuka mjini akarudi na gauni jeupe lenye lesi shingoni. Nililivaa papo hapo, juu ya sketi ya shule, nikazunguka nalo migombani nikijiona malkia.

Shangazi alipoliona alishika kichwa. Alikuwa dada wa baba, Mlutheri kama sisi, ila alikuwa ameingia kikundi cha maombi kilichoanzishwa na wahubiri wa vipaza sauti kutoka bondeni. Hao walifundisha kwamba mitumba ni nguo za marehemu wa Ulaya, na mapepo yao yamo kwenye mapindo. Shangazi alikuwa na sababu ya kuwaamini. Binti yake alikufa kwa homa wiki ile ile ya kipaimara chake, na gauni lake nalo lilikuwa la mtumba.

"Wifi, huyu halivai," alimwambia mama. "Mimi sitazika mwingine."

Mama alikuwa Mkristo wa kitabu cha nyimbo na sabuni. "Nimelichemsha, wifi. Pepo gani huyo atatoka mzima kwenye sufuria ile?"

Walibishana kwa Kiswahili cha adabu, kisha wakahamia Kishambaa, nikajua sasa mambo yameiva. Mwisho wakapatana: nitalivaa, lakini kikundi kije kwanza kuliombea.

Wakaja. Gauni likalazwa mezani, wakalizunguka, wakakanyaga sakafu na kukemea mpaka kuku wakakimbia. Mafuta ya zeituni ya wahubiri yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo walikuwa wameombea mafuta ya kupikia. Mama mmoja wa kikundi akafungua chupa. Badala ya kunyunyiza, akamimina. Kifuani pakatokea doa pana kama sahani.

Mimi nilisema mengi. Nililia kwa hasira, nikawaambia gauni liliingia humu ndani likiwa safi, na wao ndio waliolitia kitu. Kwa mara ya kwanza mama aliniacha niwajibu wakubwa.

Tulisugua kwa sabuni na majivu, tukalianika. Doa likageuka manjano, likakaa. Gauni jingine hapakuwa. Jumapili nikaenda nalo madhabahuni, na sifichi, njiani hofu ilinishika kweli. Nilimwaza binti wa shangazi. Kisha mchungaji akauliza kama namkataa shetani na kazi zake zote. Nilijibu kwa nguvu hadi akainua macho kutoka kwenye kitabu. Hofu ikaniachia hapo hapo.

Shangazi haikumwachia. Alikuja kila asubuhi kunigusa paji la uso. Wiki ikapita, mimi nabeba kuni na kula kama kawaida. Nilidhani atafurahi. Siku moja akaingia jikoni, akanipita na shikamoo yangu mdomoni. Alikaa kwenye kigoda akamtazama mama.

"Kama si gauni, wifi, basi ni mimi. Nilimfungia mwanangu ndani nikimwombea. Paa la hospitali nilikuwa naliona kutoka mlangoni."

Nilingoja mama amwambie, si nilikuambia? Alikuwa na haki hiyo, na mimi ningeifurahia. Lakini aliweka mwiko chini, akapiga magoti mbele yake, akamshika mabega.

"Sauti inayokuambia umemuua mwanao, wifi, hiyo ndiyo ya shetani. Hiyo ndiyo uikemee."

Shangazi alifungua kinywa. Mwanamke aliyekemea mapepo ya Ulaya nzima mezani kwetu alishindwa kutoa hata neno moja. Basi mama yangu, ambaye sikuwahi kumsikia akikemea kitu zaidi ya mbuzi kwenye maharage, akakemea kwa niaba yake.